Skrini ya rangi ya chungwa isiyo na taa nyuma: nini kinachowaka?

FundiNkuhungu
Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Nimeletewa mashine ya zamani ya kujazia chupa za mvinyo, inatoka Hombolo. Skrini yake ni bapa, maandishi ya rangi ya chungwa, ila yamefifia sana. Nikajua ni LCD iliyochoka taa. Kufungua, taa hakuna! Kioo chenyewe ndicho kinawaka, na saketi inayokilisha ina volti karibu 200. Ni kitu gani hiki? Na kwa nini hawakutengeneza cha rangi zote? Kijana wangu anasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), kaniuliza nikakosa jibu.

Mwl_Fizikia
Fundi, kwanza toa chaji kwenye kapasita kabla hujatia mkono.
Hicho ni kioo cha utando mwembamba kinachojiwakia chenyewe kwa umeme (electroluminescent). Katikati kuna zinki salfaidi iliyotiwa manganizi kidogo, unene haufiki hata mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), imebanwa na vihami juu na chini. Volti 200 kwenye unene huo ni zaidi ya volti milioni moja kwa sentimita. Elektroni zinachomoka mpakani mwa zinki salfaidi na kihami, zinakimbizwa, zinagonga manganizi, nayo inatoa mwanga wa nanomita 585 hivi, ndiyo hiyo rangi ya chungwa. Vihami havizipitishi, zinarundikana upande mmoja, ndiyo maana umeme lazima ugeuke kuzirudisha.

Mama_Utando
Rangi zilitafutwa, fundi. Kijani kilipatikana kwa kutia terbiamu badala ya manganizi. Bluu ndiyo iliyotutesa. Mimi nilifanyia utafiti strontiamu salfaidi yenye seriamu: inatoa bluu inayoegemea kijani, ukiichuja ibaki bluu halisi mwanga mwingi unapotea. Halafu haivumilii unyevu. Kiangazi cha hapa Dodoma nilifanya kazi vizuri. Mvua za Desemba zilipoanza, nikifungua kabati nakutana na harufu ya mayai viza. Ni salfa inatoka kama gesi ya hidrojeni salfaidi, sampuli za miezi mitatu zimekwisha. Nililia.
Lakini kazi hii haikupotea. Tuomo Suntola wa Finland alibuni mwaka 1974 njia ya kupanga atomu tabaka kwa tabaka kwa ajili ya vioo hivihivi, na leo chipu za simu zinatengenezwa kwa njia hiyo.

FundiNkuhungu
Asanteni sana. Nimebadilisha kapasita mbili za kupandishia volti, imewaka kama mpya, kioo sijakigusa. Inarudi Hombolo Jumatatu. Kijana anafika Jumamosi, nimemwekea aione.