Mzee mvutaji sigara ameuziwa tembe za "kuzuia kansa". Aendelee au aache?

MwanaKondele
Habari zenu wadau. Baba ana miaka 61 na huvuta karibu pakiti nzima kwa siku. Hapa steji ya Kondele, Kisumu, ameuziwa chupa ya tembe, akaambiwa zinakinga mapafu yasipate kansa. Lebo inasema, kwa tembe 2: vitamini A IU 25,000 (yote beta-karotini), vitamini E IU 400 (dl-alpha), seleniamu mcg 200. Anameza 2 kila asubuhi. Mama naye ameanza kuzinyemelea, maana jioni haoni vizuri. Kuna ubaya?

Mfamasia_Ziwani
Mzee aache leo, na zilizobaki asimalizie. Hakuna haja ya kupunguza polepole.

Kwanza hesabu, kwa sababu lebo hizi huficha. IU ni kipimo cha nguvu ya vitamini, na beta-karotini ni ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. IU 1 ya vitamini A iliyotoka kwa beta-karotini ni mcg 0.6 za beta-karotini, kwa hiyo 25,000 ni mg 15. Ukikuta chupa mpya iliyoandikwa mcg RAE (kipimo kipya cha vitamini A), zidisha kwa 2 upate beta-karotini: mcg 7,500 RAE ni mg 15 zile zile. Angalia pia kama kipimo ni cha tembe 1 au 2. Hapo ndipo wengi hupotea.

Sasa, Ufini walifanya jaribio kwa wanaume wavutaji 29,133, na waliopewa beta-karotini walipata mg 20 kwa siku. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, hao ndio waliopata kansa ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Marekani wakatoa mg 30 pamoja na vitamini A kamili IU 25,000: kansa ya mapafu ikapanda kwa asilimia 28, na Januari 1996 jaribio likasimamishwa miezi 21 kabla ya wakati. Hao walikuwa wavutaji, walioacha kuvuta, na watu waliofanya kazi kwenye asbesto. Mzee wako yumo humo humo.

Jabali_Nyalenda
Pole kwa kuingilia, lakini si tunaambiwa karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa ni kinga? Beta-karotini si ni ile ile?

Lishe_Nakuru
Ni ile ile, Jabali, lakini haifiki mwilini kwa njia ile ile. Ya kwenye kiazi imefungwa ndani ya chembe za mmea, hutoka kidogo kidogo na huhitaji mafuta, ndiyo maana kunde au managu yakaangwe kwa kijiko cha mafuta badala ya kuchemshwa tu. Tembe humwaga yote kwa mkupuo, na damu hupanda viwango ambavyo sahani haiwezi kuvifikisha. Ndani ya pafu lililojaa moshi, beta-karotini nyingi hivyo huungua na kuacha mabaki yenye madhara. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kamwe: kinachozuia chembe yenye afya isiungue, kama beta-karotini au vitamini E, huikinga pia chembe iliyokwisha kuharibika. Huko Uswidi mwaka 2014 panya waliokuwa tayari na uvimbe wa mapafu walipewa vitamini E, na uvimbe ukakua haraka zaidi.

Hofu hii isihamie kwenye mboga. Mvutaji ale sukuma, mrenda na viazi bila wasiwasi.

Mfamasia_Ziwani
Hiyo E nayo nisiiache. IU 400 za dl-alpha (vitamini E ya kiwandani) na seleniamu mcg 200 ndizo dozi zilizojaribiwa Marekani kwa wanaume zaidi ya 35,000 ili kuzuia kansa ya tezi dume. Mwaka 2011 ilionekana kwamba kundi lililomeza E peke yake lilipata kansa hiyo kwa asilimia 17 zaidi. Wenzao wa seleniamu hawakupata faida yoyote.

MwanaKondele
Asanteni sana. Amezimeza kama wiki tatu. Ameshaharibu? Na ana kikohozi, anasema ni cha sigara tu.

Kliniki_Busia
Wiki tatu zisikunyime usingizi. Waliopata madhara kule walimeza miaka, na Ufini hatari iliyoongezwa na beta-karotini ilififia ndani ya miaka 4 hadi 6 baada ya kuacha tembe. Sigara ndiyo yenye deni kubwa.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, apeleke makohozi yapimwe TB. Kwenye vituo vya umma, hata pale Russia (hospitali ya Jaramogi, Kisumu), kipimo ni bure. Majibu yakiwa safi na kikohozi kibaki, au akitema damu, akonde, au sauti ikwaruze, aombe eksirei ya kifua. Asikubali kuanzishiwa dawa za TB kwa kukisia tu, huku mvutaji wa miaka 61 hajapigwa picha.

Mama asiguse chupa hiyo. Kwa umri wake, kutoona jioni mara nyingi ni mtoto wa jicho. Aende kliniki ya macho, wamwangalie kwa taa.

MwanaKondele
Chupa nimeificha. Muuzaji anasema atanibadilishia na "ya asili", d-alpha.

Mfamasia_Ziwani
IU 400 za d-alpha ni mg 268, za dl-alpha ni mg 180. Anakubadilishia kwa kali zaidi. Dai pesa.