Naomba ushauri: nataka kumfumia mama mkwe shali la baridi ya Makete, nitumie uzi gani?

Nuru_Tabata
Habari za jioni wapendwa, mwenzenu nimekwama, naomba mnisaidie kabla sijapoteza hela zaidi. Niko Tabata, kufuma nimeanza tangu shule ila ni kwa kroshia, vitambaa vya kochi na vya meza, sindano mbili nimejifunza mwaka jana tu youtube. Mwezi wa sita tunaenda Makete kwa wakwe na nataka nimpelekee mama mkwe shali nililolifuma mwenyewe.

Sababu ni hii. Mwaka jana mwezi wa saba tulienda msibani kule, mimi mtu wa Dar nimebeba kijikoti na khanga, usiku wa kwanza nilitetemeka mpaka meno yanagongana. Mama akatoa blanketi lake akanifunika, yeye akajifunga kitenge juu ya kitenge akakaa jikoni kwenye moto mpaka kukakucha. Hakusema neno. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, ndo maana sitaki kununua, nataka kitoke mikononi mwangu.

Sasa nimenunua uzi Kariakoo, madonge sita rangi ya damu ya mzee, muuzaji kasema ni sufu, nikaanza kufuata video ya dada mmoja wa Marekani, shali la pembetatu, anasema sindano namba 8 na mimi ninazo namba 8 za marehemu mama yangu nikaona bahati iliyoje. Nimefika kama sentimita 25 hivi na limekuwa gumu kama zulia la mlangoni, ukilikunja linakurudia, halafu pembeni linajiviringisha. La kwenye video linateleza begani kama maji. Uzi ndo mbaya au mkono wangu? Kama ni uzi nichukue upi, akriliki, pamba au sufu? Na kiasi gani kinatosha mtu mzima? Bajeti iliyobaki ni 50,000 na hapo nimejibana kweli.

Shosti_Kimara
Hongera dada, una moyo. Mimi ningekwambia usihangaike, baki na akriliki, rangi ni za kumwaga, inafuliwa vyovyote, haichuji, haichomi shingo. La muhimu nunua madonge yote siku moja na uangalie kwenye karatasi yake namba ya loti iwe ileile, maana mimi niliwahi kuishiwa nikarudi wiki mbili baadae, rangi jina moja lakini loti nyingine, lile poncho la mwanangu mpaka leo lina mstari unaonekana kiunoni.

Bibi_Sindano
Nuru mwanangu, kabla hujalaumu uzi niambie hizo sindano za marehemu mama zimegongwa maandishi gani kule kwenye kichwa, na hiyo video inasema namba 8 ya wapi. Na ufumaji wako ni mbele tupu kila mstari au mstari mbele mstari nyuma?

Nuru_Tabata
Shikamoo bibi. Zimeandikwa England na 8, ni za chuma rangi ya kijivu. Video ni ya Marekani. Nafuma mstari mbele mstari nyuma, kama sweta.

Bibi_Sindano
Marahaba. Basi ugonjwa tumeuona. Namba 8 ya Kiingereza ya zamani ni milimita 4, namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Hesabu zao zinapishana kabisa, za Uingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, za Marekani namba ikipanda sindano inanenepa. Watu wengi hapa mjini tumerithi sindano za Kiingereza halafu tunafuata video za Kimarekani, tunaharibu kazi tunadhani hatujui. Kama huna uhakika zungushia sindano kikaratasi mara moja, weka alama, pima kwa rula, ukipata milimita 12 na nusu hivi hiyo ni ya 4, ukikaribia 16 ni ya 5.

Kwa shali panda hata zaidi ya 5. Kwenye karatasi ya uzi pana picha ya sindano mbili zimepishana na namba pembeni, hiyo ni saizi ya kufumia sweta. Shali linataka upumuaji, ongeza nusu milimita mpaka milimita nzima juu ya hapo. Fuma kipande cha majaribio, vitanzi 24 mistari 30, ukifue, kikauke, ukininginize kwenye kidole. Kikilala, endelea. Kikisimama, badili sindano.

Kujiviringisha pembeni sio kosa lako wala la uzi. Mstari mbele mstari nyuma siku zote unajikunja, ni tabia yake. Weka vitanzi vitatu au vinne vya mbele tupu kila ukingo kupunguza, au bora zaidi fuma shali zima mbele tupu pande zote, linakaa bapa, na kwa baridi ya huko ndo zuri zaidi maana linashiba na kubeba hewa katikati.

Mkinga_Halisi
Shemeji Nuru karibu sana nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Makete ila natafuta maisha hapa Mbagala, huo ufumaji siujui lakini kuna neno lazima niseme. Umesema mama alikaa jikoni kwenye moto. Mama zetu kule mwezi wa sita na wa saba maisha yao yote yapo jikoni, moto wa kuni, cheche zinaruka, anainama kupuliza, nguo inaning'inia. Asubuhi Kitulo unakuta barafu juu ya majani, nani atakaa mbali na moto? Dada yangu alivaa sweta la hizi nyuzi za plastiki, hiyo akriliki yenu, cheche ikadondoka mkononi, halikuwaka kwa moto mkubwa, LILIYEYUKA likaganda kwenye ngozi, kovu analo mpaka leo. Naomba sana ufikirie hilo.

Nuru_Tabata
Aisee shemeji asante, mwili umenisisimka. Sikuwaza kabisa, nilikuwa nawaza rangi. Ila huu si nimeambiwa sufu? Kuna namna ya kujua?

Bibi_Sindano
Kata kipande kama urefu wa kidole, kishike na koleo juu ya beseni la maji, kiwashe. Sufu ya kweli inanuka nywele zilizoungua, inawaka kwa shida, ukiondoa kiberiti inazima yenyewe na jivu lake ukilibonyeza linavunjika. Pamba inanuka karatasi na inaendelea kuwaka, jivu laini la kijivu. Akriliki inayeyuka, inaacha kishanga cheusi kigumu. Na usikikaribishe puani, moshi wake ni mbaya.

Na huyo kijana amesema jambo kubwa kuliko yote niliyosema mimi.

Nuru_Tabata
Nimejaribu sasa hivi. Kishanga cheusi, kigumu kama kokoto. Kwa hiyo sufu hapana. Na nimeulizia sufu halisi ya kuagiza nje, kwa bajeti yangu napata nusu ya shali. Sasa nafanyaje?

Fundi_Masweta
Mimi nafuma masweta ya shule kwa mashine, uzi wangu wote ni akriliki kwa sababu mtoto anafuliwa na sabuni ya unga anapigwa jua anavaa kesho. Nakubali hoja ya moto, ila na nyie mnaosema sufu fikirieni nani atalifua. Sufu ikitiwa maji ya moto ikasuguliwa na sabuni ya unga inashikamana na kusinyaa, shali la mama linarudi saizi ya mtoto mchanga, na hairudi tena. Mimi ningeenda na pamba, haiyeyuki na inafulika.

Bibi_Sindano
Fundi kufua umesema kweli. Lakini pamba kwa Makete hapana. Pamba nzito, shali kubwa la pamba linajivuta kwa uzito wake, litamfika magotini kabla mwaka haujaisha, na likipata umande linakaa na maji na linapoa mwilini. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto. Na pamba cheche inaishika vizuri tu, haiyeyuki lakini inawaka. Pamba mfumie mtu wa hapa Dar, shali jepesi la kwenye AC ya ofisi, hapo haina mpinzani.

Mama_Wawili_Ilala
Nuru mdogo wangu, sufu ipo mjini hapa na haihitaji kuagiza. Ipo kwenye mitumba. Mimi mwaka wa nne sasa sinunui uzi wa baridi dukani, nanunua sweta la sufu soko la Karume nalifumua.

Nenda asubuhi siku wanafungua belo, tafuta masweta ya kiume makubwa, hayo ndo yana uzi mwingi, na watu wa Dar hawayagombanii, nani anavaa sufu na joto hili, kwa hiyo unabembeleza bei. Kwanza lebo ya ndani, tafuta neno wool, ikiwa asilimia 100 chukua, ikiwa kuna akriliki nusu kwa nusu acha. Pili, na hapa ndo wengi wanalia, ligeuze nje ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona umekatwa na mkasi ukapigwa ovaloki, ACHA, ukifumua utapata vipande vipande vya uzi, kila mstari umekatwa. Unataka lile ambalo kila kipande kimefumwa kwa umbo lake, ukingo una vitanzi vizima kama mnyororo, vimeunganishwa kwa uzi tu. Tatu, vuta kitambaa uone kama vitanzi vinaonekana kimoja kimoja. Likiwa limeshikamana kama blanketi ujue lilishafuliwa vibaya, halifumuki hilo.

Nyumbani kata uzi wa mshono taratibu, tenganisha mikono, mgongo na kifua. Fumua kuanzia juu alikomalizia mfumaji, kutoka chini hautaki. Zungushia kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne ili usivurugike, loweka maji ya uvuguvugu na shampoo kidogo, suuza, tundika kivulini na uzito mdogo chini, mimi naning'iniza chupa ya maji, ule mkunjo kama tambi unanyooka. Ukiwa mwembamba unashika nyuzi mbili pamoja unafuma kama mmoja.

Uzi ukikatika njiani usifunge fundo. Lowesha ncha mbili, zipishanishe kiganjani, sugua kwa nguvu mpaka upate joto, zinashikana zenyewe. Hii ni sufu tu, akriliki haikubali.

Nuru_Tabata
Dada yangu nimesoma mara tatu. Sweta moja linatosha?

Mama_Wawili_Ilala
Sweta la mwanaume mkubwa nene linatoa gramu 400 na zaidi. Pima kwa mizani ya jikoni.

Bibi_Sindano
Kwa uzi wa unene wa kati, ule ambao gramu 100 zina kama mita 200, shali la pembetatu la mama mtu mzima linataka gramu 300 hivi. Anza kwenye shingo na vitanzi 3, ongeza vinne kila baada ya mstari mmoja, viwili kingo na viwili katikati. Uzuri wake unaacha popote uzi unapoishia. Ila usidanganyike na mwanzo, mistari ya mwisho ndo mirefu, ukifika mstari wa 70 kati ya 100 ndo kwanza nusu ya uzi imeisha. Kwa hiyo pima donge kila siku, na uweke uzi wa kufungia vitanzi vya mwisho, mara nne ya urefu wa ukingo.

Ukimaliza lifue, likamue kwa kulikanyaga ndani ya taulo, litandaze juu ya godoro ulivute na kulibana na pini mpaka likauke. Hapo ndo utaliona linalala.

Fundi_Masweta
Nimeshindwa kwa hoja, sufu ya mtumba sikuwa nimeiwaza. Nuru, kufua usimwandikie karatasi, mwonyeshe mama mwenyewe ukiwa kule, maji baridi, halisuguliwi, halitundikwi. Na yale madonge sita ya akriliki usiyatupe, mfumie mtoto kofia ya hapa mjini.

Mkinga_Halisi
Shemeji rangi chukua ya giza, moshi wa kuni unakula nyeupe kwa wiki moja. Na refusha ncha zipishane kifuani azifunge nyuma, mama anapoinama motoni zisining'inie.

Nuru_Tabata
Wapendwa nimerudi. Jumamosi nilikuwa Karume saa 12 na nusu asubuhi, nimepata sweta la kiume la kijani iliyoiva karibu na nyeusi, wool asilimia 100, mshono wa kufumwa sio wa mkasi, nimelilipia 9,000. Nimefumua siku mbili na mume wangu ameshika kiti, tumepata gramu 430. Kipande nilichochoma kilinuka nywele na kikazima chenyewe. Nimenunua sindano za waya zenye milimita 5 na nusu, kipande cha majaribio kimelala kwenye kidole kama bibi alivyosema.

Leo nipo mstari wa 40, vitanzi 83. Naogopa kidogo shingoni kama litamwasha mama, nimelifunga kwangu tangu mchana na joto hili la Tabata jasho limenitoka, ila kuwasha sijasikia. Shemeji, ncha naanza kuzirefusha kuanzia hapa, nitaongeza kitanzi kimoja zaidi kila ukingo, nikifika mstari wa 100 nitaweka picha hapa mniambie kama zinatosha kufunga mgongoni.