Tupeane uzoefu: tumlishe mtoto, tusiilishe chupa

Mlezi wa Wachanga
Ndugu walezi na wazazi, huu ni mwaka wangu wa tisa katika chumba cha wachanga cha kituo cha kulelea watoto mchana, na kosa ninalolijutia kuliko yote halikutokana na uzembe bali na bidii iliyopotea njia. Tulimpokea mtoto wa miezi minne ambaye mama yake alimwachia chupa tatu za maziwa aliyoyakamua, nami niliona kuwa kubakiza hata tone ni kumvunjia mama huyo heshima. Mtoto alipofumba midomo, akageuza kichwa na kukunjua ngumi zake, nilimpapasa shavu ili afungue kinywa nimrudishie chuchu. Daftari letu lilijaa neno moja: "amemaliza." Jioni alicheua mno na kulikataa titi, na kwa kuwa mwili hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa, maziwa ya mama yakaanza kupungua.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Dada, anaponyonya kwangu hakuna anayehesabu mililita, mbona huku anahesabiwa?"

Tangu siku hiyo ninampakata mtoto akiwa ameinuka kiasi, ninaishika chupa karibu ilale ili maziwa yasimiminike kooni kwa kasi, na ninampumzisha mara kwa mara. Ninaanza pia mapema, anapotafuta kwa kinywa au kunyonya ngumi, kwa sababu mtoto anayelia ameshasubiri kupita kiasi. Naomba nanyi msimulie: ni nani aliyewafundisha kumtazama mtoto badala ya chombo?

Mama wa Pacha
Kwangu somo lilianzia kwenye jokofu. Nilirudi kazini pacha wangu wakiwa na miezi mitatu, ilhali Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha kunyonyesha kuendelee pamoja na vyakula vya nyongeza hadi miaka 2 au zaidi. Nilijaza chupa kubwa, watoto wakanywa nusu, na kwa kuwa masalia ya chupa iliyokwisha kunywewa hayafai kutumika zikishapita saa 2, yalimwagwa. Aliyewahi kukamua usiku wa manane anaujua uchungu huo. Mlezi aliyeona kwamba wanangu hunywa kidogo kidogo ndiye aliyenishauri nipeleke vichupa vya mililita 60, kila kimoja kikiwa na jina na tarehe ya kukamua. Maziwa mapya hukaa kwa muda usiozidi saa 4 katika joto la kawaida la chumba na hadi siku 4 jokofuni, yakiwekwa nyuma ya rafu wala si mlangoni. Walezi hawayapashi kwa maikrowevu, ambayo huacha sehemu za moto ndani ya chupa. Huitumbukiza katika bakuli la maji ya uvuguvugu. Tena walinitengea kiti chenye mgongo nyuma ya pazia ili ninyonyeshe saa ya mapumziko, na kiti hicho kilinifaa kuliko vipeperushi vyote nilivyopewa.

Babu Mlezi
Ninayaheshimu mliyoandika, lakini nina wasiwasi. Mjukuu wangu ana mwaka mmoja na nusu, naye ni mwembamba. Asipohimizwa, si atalala na njaa?

Mpishi wa Kituo
Shikamoo, babu. Wasiwasi wako unatokana na upendo, na nimeukuta kwa wazazi wengi. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi ya mezani hivi: mtu mzima huamua ni chakula gani, saa ngapi na mahali gani, mtoto huamua atakula kiasi gani, na kama atakula. Mwanzoni sikuukubali mgawanyo huo, maana nilizoea kuwaahidi watoto kitu kitamu wakimaliza mboga, bila kutambua kuwa nilikuwa nikiwafundisha kuiona mboga kama adhabu. Sasa tunaiandaa mara kwa mara bila maneno mengi, na walezi wanakula pamoja na watoto, meza moja, chakula kilekile. Wapo walioigusa tu, kisha wakainusa, wakaja kuila baada ya kuiona mara kumi na zaidi.

Wembamba peke yake hauhukumu kitu, babu. Tazama kadi ya ukuaji: mstari wake ukipanda sambamba na mistari iliyochapwa, tulia; mstari ukilala au kushuka, au mtoto akiwa mlegevu, mpeleke kwa mhudumu wa afya bila kukawia.

Pasipo na hiari ni kwenye usalama. Asali hapewi aliye chini ya miezi 12, kwa kuwa inaweza kubeba bakteria wanaosababisha botulismi, ugonjwa hatari wa sumu inayolegeza misuli. Zabibu tunazikata kwa urefu vipande vinne, na karanga nzima hazipo kabisa kwa walio chini ya miaka 5.

Mama wa Maziwa ya Kopo
Mimi sikuweza kunyonyesha, na nilikwenda kituoni nikihofia kuhukumiwa. Kituo cha kwanza walimwegemezea mwanangu chupa kwenye mto wakaendelea na kazi nyingine, akapaliwa. Nikamhamisha siku iyo hiyo. Cha sasa humpakata kila mlo. Maziwa ya unga yanaweza kuwa na vijidudu, hivyo huyachanganya kwa maji yaliyochemshwa ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70, kisha huyapoza kabla ya kumpa. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sinyonyeshi. Waliniuliza mwanangu huonyeshaje kwamba ameshiba.

Babu Mlezi
Marahaba, mwanangu mpishi. Kadi nimeitazama, na mstari unapanda. Jana mchana niliketi naye nikiwa na sahani yangu. Alikula vijiko vitatu, akageuza uso, nami nikaliondoa bakuli bila kusema neno, ingawa haikuwa rahisi. Saa kumi alasiri alikifuata kiti chake mwenyewe, akaanza kuipiga meza kwa viganja.