Kikundi: Watoto wa Bi Mkubwa 🏠

Dada Zena: Hamjambo. Tangu juzi nimeuliza mmekaa kimya, hela ya shamba ikiendelea kulala hivi itaishia harusini. Leo tuamue tununue ipi ya kupangisha, ile nyumba ya familia moja au ile ya milango sita? Nataka majibu kabla ya magharibi

Dada Zena: Mmesoma kumi na wanne, naona

Kaka Idi: Mi milango sita. Nyumba moja mpangaji akihama mnakaa miezi miwili kodi sifuri, sita akitoka mmoja watano bado wanalipa

Sele: wakitoka wote je 😂

Kaka Idi: Kalale wewe

Mwanaidi: Kaka hesabu yako ni ya kabla ya matumizi. Vyoo sita, masinki sita, taa za ngazi na kuzoa taka juu yenu, na kama mita ya umeme ni moja basi kila mwezi kesi ya nani ana friji nani hana. Na mlevi mmoja tu anakuhamishia majirani wawili. Familia moja inakaa miaka, majani wanafyeka wenyewe

Dada Zena: Lakini paa moja Mwanaidi, likivuja unaziba mara moja kwa kodi sita

Shemeji: Fikirieni na kuuza. Ya familia ananunua yeyote anayetafuta pa kuishi, ya milango anakuja mfanyabiashara na kitu cha kwanza anataka daftari la kodi

Mwanaidi: Daftari. Kama lile la nyumba ya babu 😏

Sele: yamefika

Kaka Idi: Nilishasema ile hela ilinunua tangi

Mwanaidi: Tangi gani halijawahi kuonekana

Sele: lipo chini ya ardhi 😂😂

Dada Zena: TURUDI KWENYE MADA

Mjomba: Nimesoma yote. Nyumba moja mliigombania mpaka mama yenu akaugua. Sita mkitaka nunueni, ila Idi hashiki daftari.

Mwanaidi: Shikamoo Mjomba

Shemeji: Shikamoo Mjomba

Kaka Idi: Shikamoo. Sawa Mjomba

Dada Zena: Kwa hiyo ni sita? Nani anaenda Jumamosi kuhesabu mita na kuangalia shimo la choo, na daftari atashika nani sasa

Sele: Jumamosi nna mechi

Dada Zena: Mwanaidi?

Rukia: Jamani simu ilizima, nyumba gani tena?