"Although" na "but" kwenye sentensi moja, kosa liko wapi?

mzee_wa_kigogo
Wakuu habari za jioni. Binti yangu yuko form three, jana kaja na daftari la Kiingereza limejaa wino mwekundu halafu ticha hajaandika hata neno moja la maelezo, ni mikasi tu. Sentensi ya kwanza hii hapa: "Although it was raining, but we went to the farm." Nimeisoma weee naona iko poa kabisa, ingawa mvua ilikuwa inanyesha lakini tulienda shamba, sasa kosa nini? Ya pili kaandika "Despite of the rain, we went to the farm", nayo mkasi. Wanatakiwa wazirudie zote hadi jumatatu. Mwenye kuzijua hizi although, despite, however na ukoo wao mzima anisaidie kwa lugha nyepesi, mama yake kashajitoa anasema mambo ya ung'eng'e ni ya baba.

ticha_mstaafu
Mkuu tafsiri yako ndo imekuonyesha kosa linapotokea. Kwetu "ingawa... lakini" inapita vizuri tu na hakuna anayeshtuka, ndo maana wanafunzi wengi wanateleza hapohapo. Kwa Mwingereza vipande viwili vinaungwa na kiunganishi kimoja, ukishaanza na although basi but haina kazi tena. Achague: "Although it was raining, we went to the farm" au "It was raining, but we went to the farm." Akitaka kukazia aweke even though, maana ileile ila ina nguvu zaidi.

Hiyo despite ndo inataka utulivu. Haipendi of kabisa. Mwenye of ni in spite of, na in spite yanaandikwa maneno mawili, sio "inspite" kama tunavyoona kila siku. Zamani sana Waingereza walikuwa wanasema "in despite of", baadaye ikagawanyika, moja ikabaki na of nyingine ikaiacha, kwa hiyo binti yako kachanganya ndugu wawili tu. Halafu baada ya despite lije jina au kitenzi chenye -ing, isije sentensi nzima yenye mtenda na kitenzi chake: "Despite the rain, we went to the farm." Akilazimisha sentensi nzima aanze na "despite the fact that", inakubalika ila ndefu bila sababu.

dada_wa_ielts
Naongezea kwenye however maana hii ndo inawamaliza watu kwenye IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. However sio but yenye suti. Huwezi kuandika "He was sick, however he went to work" ukatenganisha na koma peke yake. Inatakiwa nukta au nukta mkato kabla, halafu koma baada: "He was sick. However, he went to work." Mimi nawaambia wanafunzi wangu wakisikia mkono unataka kuandika however, kwanza waweke nukta. Na wasiitupie kila mstari, kwenye Task 2, yaani ile insha ya sehemu ya kuandika, una dakika 40 na maneno yasiyopungua 250, ukijaza however tano msahihishaji anaona umekariri, na kwenye vigezo vyao kutumia viunganishi kama mashine kunashusha maksi.

konda_mstaarabu
na whereas je? bosi wangu anaiweka kila barua mpaka tunamuita mheshimiwa whereas 😂

dada_wa_ielts
Hahaa mwache bosi. Whereas ni ya kulinganisha vitu viwili vinavyotofautiana, hakuna lazima ya kushangaza: "Dodoma is the capital, whereas Dar es Salaam is the largest city." Although inabeba ile hali ya "hukutegemea": "Although Kilimanjaro is close to the equator, there is ice at the top." Karibu na ikweta unategemea joto, unakuta barafu. While nayo inafanya kazi ya whereas ila inamaanisha pia "wakati", so angalia msomaji asichanganyikiwe. Na "on the contrary" waiache kwanza, hiyo ni ya kukanusha alichosema mwenzako, anayetaka kuleta upande wa pili wa hoja aandike "on the other hand".

mzee_wa_kigogo
Mbarikiwe sana. Dogo kakaa hapa pembeni kajaribu mwenyewe, hii imekaaje: "Despite raining heavily, we went to the farm." Si kuna -ing?

ticha_mstaafu
Hapo mkuu ina maana nyie ndo mlikuwa mnanyesha 😄 Ile -ing inamchukua mtenda wa kipande kinachofuata, na mtenda hapo ni "we". Aandike "Despite the heavy rain, we went to the farm." Akiitaka sana -ing aweke jambo wanalolifanya wao wenyewe: "Despite being tired, we went to the farm", waliochoka ndio haohao walioenda.

mzee_wa_kigogo
Kacheka mpaka mama yake katoka jikoni. Anaandika ya uchovu sasa hivi, ile ya mvua anaipeleka na although.