Kamera ya simu inatetemeka kabla fokasi haijashika. Huu ni utani?

Wakuu, tuliongelee hili maana limezidi.

Unagusa uso wa mtu kwenye skrini, kimraba kinatokea, simu inakupa mtetemo mdogo: tik. Unapiga. Ukija kuikuza picha, kilichoshika ni ukuta wa nyuma. Ile tik inapigwa pale kidole kinapotua, lenzi ndiyo kwanza inaanza kusogea! Ukumbini kwenye mwanga hafifu fokasi inahangaika huku na huku, na ikishindwa kabisa simu inanyamaza kimya.

Na asije mtu na hoja ya "haiwezekani". Tangu Android 5.0 ya 2014, Camera2, yaani sehemu ya Android ambayo programu huitumia kuendesha kamera, inairudishia programu majibu mawili tofauti: fokasi imeshika ikafungwa, au imefungwa bila kushika. Weka tik moja kwa jibu la kwanza, mbili za haraka kwa la pili. Basi. Uvivu tu.

Mnaobisha, zimeni makro (ile hali ya kupiga vitu vya karibu sana), wekeni gazeti sentimita 3 mbele ya lenzi kuu, guseni maandishi. Lenzi kuu za simu nyingi hazishiki karibu hivyo. Herufi zitabaki na ukungu, halafu mwone kama simu haiwapi tik yake vilevile, tena kwa madaha.

Kwenye mwanga ndiyo balaa. Kile kijua cha pembeni ya kimraba unakiburuta juu na chini, kidole kinateleza kama kwenye sahani ya mafuta. Gurudumu la kamera ya kawaida, likisetiwa kwa theluthi, linagota kila theluthi ya stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu): mtu anahesabu tatu, anajua kapunguza stopu nzima, na jicho halijatoka kwa maharusi. Kwenye simu nyingi hakuna cha kuhesabu. Hata sifuri haina kituo, unadhani umerudi katikati kumbe umebaki juu kidogo, shela la bibi harusi limeungua, jeupe pee, nakshi zote zimepotea. Na saa saba mchana ufukweni, skrini haisomeki, hapo ndipo kidole kilitakiwa kiwe jicho.

Simu za bei ya chini nazisamehe. Mota yake ya mtetemo ni kiuzito kinachozunguka, kinachelewa kuanza na kinachelewa kusimama, kwa hiyo tik tano zikifuatana zinageuka mngurumo mmoja. Lakini simu ya milioni mbili yenye mota ya LRA, ambayo kiuzito chake kinakwenda na kurudi badala ya kuzunguka, inayokata mtetemo safi kabisa, kisingizio chake nini? iPhone 16 ya 2024 ina kitufe cha pembeni: unakibonyeza kidogo, unateleza kubadili mwanga, na unasikia mguso kidoleni. Angalau wamejaribu, ingawa kava la mtaani lisilo na tundu linakiua.

Kabla hamjaja kulalamika kwamba zenu hazitetemeki kabisa: angalieni kama mmewasha hali ya kuokoa betri au mmezima mtetemo wa kugusa kwenye seting. Kwenye video iPhone kwa kawaida huzima mtetemo maiki ikirekodi. Hilo sawa, mlio ungenaswa.

Kwa sasa shikilia kidole mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kuza uone kope, ndipo upige.

Mwenye simu ambayo tik inakuja BAADA ya fokasi kushika ataje modeli hapa. Ila jaribio la gazeti kwanza.