Dijon kwa miguu bila kiongozi: je, njia ya bundi inamfaa mzee mwenye maumivu ya magoti?

KijanaWaChumbageni aliuliza:

Wanajukwaa, natumaini hamjambo. Baba yangu, ambaye alifundisha historia katika shule za sekondari mkoani Tanga hadi alipostaafu, atakuja kunitembelea hapa Paris mwezi wa Mei, na nimekusudia kumpeleka Dijon, mji mkuu wa kale wa eneo la Bourgogne mashariki mwa Ufaransa, Jumamosi moja, twende asubuhi na kurudi jioni kwa treni. Nimesoma kwamba mji ule una njia yenye vituo 22 ambayo mgeni huifuata mwenyewe kwa kutazama vibao vidogo vya shaba vyenye picha ya bundi, vilivyopachikwa chini barabarani. Jambo hilo limenivutia kwa sababu baba hapendi kuswagwa katika kundi nyuma ya mtu aliyeshika kibendera. Akisimama mbele ya jengo la kale hutaka kulitazama hadi aridhike, hata kama itachukua nusu saa.

Nina maswali matatu. Kwanza, je, siku moja inamtosha mtu wa miaka 71 ambaye magoti yanamsumbua, hasa anapopanda ngazi? Pili, ni vituo gani tunavyoweza kuviruka bila kujuta baadaye? Tatu, na hili naomba msinicheke, nimweleze vipi mzee aliyekulia mahali ambapo bundi akilia juu ya paa watu huanza kuulizana nani mgonjwa, kwamba siku hiyo bundi ndiye atakayetuongoza?

MkaaziWaBourgogne alijibu:

Karibuni sana, ndugu yangu. Nimeishi Dijon kwa miaka tisa na nimewatembeza wageni wengi kwa njia hiyo. Siku moja inatosha, na tena inabaki, mradi msiifanye kuwa mashindano ya kukamilisha namba. Mimi mwenyewe huimaliza kwa muda wa saa mbili hivi nisipoingia ndani ya jengo lolote, lakini kwa mtu kama baba yako utamu wote umo ndani, kwa hiyo ihesabuni kuwa kazi ya kutwa.

Treni ya mwendo kasi kutoka stesheni ya Gare de Lyon hapo Paris huchukua saa moja na nusu na dakika chache. Kutoka stesheni ya Dijon hadi kituo cha kwanza, yaani bustani ya Darcy, ni mwendo wa dakika tano. Hapo mtaona sanamu ya dubu mweupe, nakala ya ile iliyomletea sifa mchongaji François Pompon, na mbele kidogo lango la Guillaume, ambalo baba atalipita akidhani ameingia mji wa kale wa enzi za kati, kumbe ni la karne ya 18. Mtaa wa Liberté unaofuata ni wa maduka. Pendezweni na sura za majengo lakini msipoteze muda.

Kwa kuwa ni Jumamosi, geukeni mapema kuelekea soko kuu, kwa sababu hufanya kazi asubuhi tu katika siku za Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Ni jengo la chuma na vioo la miaka ya 1870, na wengi watawaambia kwamba limejengwa na Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris, ambaye kweli alizaliwa mji huu mwaka 1832. Aliyelisimamia ni mhandisi wa mji, Weinberger, lakini jina la Eiffel lina mvuto zaidi na sijaona muuza jibini akilikanusha.

Baada ya hapo shikeni mtaa wa Forges, ambako ndiko iliko ofisi ya utalii inayouza kijitabu cha njia hiyo. Kinunueni. Vibao vya pembe tatu vilivyoko chini vinaonyesha mwelekeo na vile vikubwa vina namba ya kituo, lakini ni kijitabu kinachosimulia unachokitazama.

Sasa kuhusu kinachostahili muda wenu hasa: Kasri la watawala wa Bourgogne na makumbusho ya sanaa yaliyomo ndani yake. Mkusanyo wa kudumu hutazamwa bure, na makumbusho hufungwa Jumanne, kwa hiyo Jumamosi mko salama. Epukeni tu tarehe 1 na 8 Mei, ambazo ni sikukuu. Makumbusho haya yalifunguliwa tena mwaka 2019 baada ya ukarabati wa miaka mingi. Nendeni moja kwa moja kwenye ukumbi yalimo makaburi ya Philippe le Hardi na mwanawe Jean sans Peur. Juu ya kila kaburi mtawala amelala chali, mikono imekutanishwa kwa sala, na simba miguuni. Lakini chini yake, katika vijumba vya nakshi, unapita msafara wa waombolezaji wa mawe meupe, kila mmoja akiwa na urefu wa takriban sentimita 40. Mmoja anafuta machozi, mwingine amejifunika kofia ya joho hata uso hauonekani, mwingine ameshika kitabu. Unatambua ni mazishi hata kama hujui lolote kuhusu Bourgogne. Baba yako atachuchumaa pale, magoti yakimruhusu, na wewe hutakuwa na haraka ya kumwinua.

Mnara wa Philippe le Bon, ulio katika kasri hilohilo, una urefu wa mita 46 na ngazi 316, na hakuna njia nyingine ya kufika juu. Huo ndio wa kuuruka.

BintiMwambao alijibu:

Naongeza machache ya vitendo, kwani nilikwenda na mama yangu mwaka juzi. Sehemu kubwa ya katikati ya mji haina magari, jambo ambalo ni nafuu kubwa, lakini mitaa ya nyuma ya kanisa la Notre-Dame imetandikwa mawe ambayo yakilowa mvua huteleza. Avae viatu vya soli ya mpira na si vile vya ngozi vya kuendea ibada, ambavyo nawajua wazee wetu watavichagua kwa sababu wanakwenda "mjini".

Mahali pazuri pa kumpumzisha ni uwanja wa Libération, mbele ya kasri. Uwanja huo wa nusu duara ulibuniwa katika miaka ya 1680 na Jules Hardouin-Mansart, msanifu wa mfalme Louis wa 14, na sasa umejaa mikahawa na chemchemi zinazochipuka kutoka sakafuni. Sisi tulikaa saa nzima pale na mama hakutaka kuondoka.

Kwa chakula, ikiwa baba hali nguruwe wala hagusi mvinyo, ulizeni kabla ya kuagiza. Nyama ya ng'ombe ya kupikwa kwa mtindo wa Bourgogne huchemshwa katika mvinyo mwekundu na mara nyingi hutiwa vipande vya nyama ya nguruwe. Hata mayai ya mtindo wa huko huiva katika mchuzi wa mvinyo. Vile vipande vyenye rangi ya kijani vinavyopangwa madirishani ni nyama ya nguruwe na kotimiri. Kilichotufaa ni maandazi madogo ya jibini yanayoitwa gougères, samaki, na mkate wa asali na viungo, ambao mama aliubeba mikate mitatu hadi Mombasa pamoja na chupa za haradali.

MwalimuWaBujumbura alijibu:

Mwanangu, nimesoma majibu ya walionitangulia na ninakubaliana nayo isipokuwa kwa jambo moja: umeshauriwa kukimbilia makumbusho, na kanisa la Notre-Dame limetajwa kama alama ya njia tu. Kwa mwalimu wa historia, kanisa hilo la karne ya 13 ndilo kitovu cha matembezi yote, na linaweza kusomwa kama kitabu akiwa ameketi ng'ambo ya barabara.

Mtazamishe kwanza uso wa mbele, ambapo safu tatu za viumbe vya mawe, 51 kwa jumla, zimechomoza vichwa kana kwamba zinataka kuwarukia waumini. Hazimwagi maji ya mvua kama zile za makanisa mengine; ni pambo tupu. Kuna simulizi ya kale kwamba mla riba mmoja alipokuwa akiingia kanisani kufunga ndoa aliangukiwa kichwani na sanamu ya mla riba mwenzake, akafa papo hapo, na wenzake wa biashara hiyo wakatoa fedha ili sanamu hizo ziondolewe. Zinazoonekana leo ziliwekwa katika ukarabati wa miaka ya 1880.

Kisha ainue macho kwenye saa iliyo juu upande wa kulia. Philippe le Hardi aliitwaa katika mji wa Kortrijk, huko Flanders, baada ya vita vya mwaka 1382, akaileta Dijon kama nyara. Mtu wa chuma anayegonga kengele, Jacquemart, alikaa peke yake kwa muda mrefu hata wenyeji wakamwonea huruma kwa ukapera wake; katika karne ya 17 akapewa mke, mwaka 1714 akaongezewa mtoto wa kiume wa kugonga nusu saa, na mwaka 1884 binti wa kugonga robo saa. Fikeni dakika chache kabla ya saa kamili. Mimi ninaona kwamba nyara ya vita iliyogeuzwa familia na watu wa mtaani inampa mwalimu mengi ya kufikiria kuliko makaburi ya wenye nyara.

Bundi mwenyewe yuko ubavuni mwa kanisa hilo, upande wa kaskazini, katika mtaa mwembamba unaoitwa kwa jina lake. Usitarajie makubwa: ni kijisanamu kidogo kwenye kona ya nguzo ya ukuta, na kimesuguliwa na viganja vya vizazi vingi hata macho na mdomo havitambuliki tena. Anayepita humgusa kwa mkono wa kushoto, ulio upande wa moyo, huku akiomba moyoni jambo analolitaka. Januari 2001 mtu alimvunja kwa nyundo, na mji mzima ulihuzunika mpaka alipotengenezwa mwaka huohuo. Hapo utaona jinsi ndege yuleyule anavyoweza kuwa wa nuksi kwetu na wa heri kwa wengine. Hatua chache mbele yake ipo nyumba ya fremu za mbao ya mwaka 1483, Maison Millière, na baada yake Hôtel de Vogüé, jumba la kale lenye paa la vigae vya rangi. Vyote viko karibu mno hata magoti hayatakuwa na la kulalamikia.

Muda ukibaki, malizieni kwa kanisa kuu la Saint-Bénigne, ambalo liko upande wa kurudi stesheni. Chini yake kuna mabaki ya jengo la duara la mwanzoni mwa karne ya 11, ambalo ghorofa zake za juu zilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Kuna ngazi za kushuka, lakini ni chache, na kwa hizo ningemshika mkono kuliko kumnyima.

KijanaWaChumbageni aliandika:

Shikamoo mwalimu, na ninawashukuru nyote. Jana usiku nilimsomea baba majibu haya kwa simu. Kuhusu bundi amesema hana tatizo naye, kwa kuwa wa jiwe halii. Kinachomkera ni kuombwa atumie mkono wa kushoto kutafuta heri, ilhali ametumia miaka 30 kuwakataza wanafunzi wasipokee kitabu kwa mkono huo. Amesema atamgusa kwa wa kulia na aone litakalotokea. Mnara tumekubaliana kwamba nitapanda peke yangu. Je, ninanunua tiketi palepale mlangoni?

MkaaziWaBourgogne alijibu:

Hapana, usifanye hivyo. Mnara hupandwa kwa ziara ya pamoja na kiongozi, na kila ziara huchukua watu wachache, kwa hiyo Jumamosi za Mei nafasi huisha mapema. Weka nafasi kupitia ofisi ya utalii siku kadhaa kabla, na uchague ziara ya alasiri, baada ya soko na baada ya chakula. Mwache mzee kwenye kiti cha mkahawa pale uwanjani, upande unaotazama kasri. Ukifika juu atakuona ukimpungia mkono, nawe utaona paa la Notre-Dame kwa karibu, pamoja na Jacquemart na wanawe. Usiache tu simu yako mezani kwake, kwa maana utaitaka kwa picha.